Mashine ya kuchanganya vinywaji: Faida iko kwenye kipimo, si kwenye kasi

WAHENGA walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwa muuza juisi anayehudumia harusi na sherehe, methali hiyo inaweza kugeuzwa: haba na haba humwaga kibaba. Glasi moja ikijazwa kupita kiasi hakuna anayeona hasara. Glasi 800 zikijazwa hivyo usiku mmoja, faida ya wiki nzima huwa imekwenda.

Katika kata ya Mirongo, wilayani Nyamagana, na mitaa mingine ya katikati ya Jiji la Mwanza, biashara ya vinywaji vya sherehe ni kazi inayojulikana. Kamati ya harusi hukubaliana na mtoa huduma juu ya idadi ya wageni na bei ya kila kichwa. Ijumaa matunda hununuliwa, hukatwa na kusagwa. Jumamosi ndoo na madeli hupakiwa kwenye gari, na wahudumu wenye majagi huzunguka mezani. Usiku wa manane hesabu hufanywa, na mara nyingi ndipo mwenye biashara anapogundua kuwa amefanya kazi kubwa kwa fedha kidogo.

Kwa miaka zaidi ya kumi sasa, wahandisi vijana na wanafunzi wa vyuo katika nchi mbalimbali wamekuwa wakitengeneza mashine za kuchanganya na kumimina vinywaji zenyewe, hasa kwa ajili ya sherehe. Swali kwa mfanyabiashara mdogo wa Mwanza, na kwa mkulima anayemuuzia matunda, ni kama mashine ya namna hiyo inaweza kumwongezea kipato, au ni kitu cha kupigia picha tu.

Ilikoanzia

Wazo lenyewe ni la kale. Katika karne ya kwanza, mtaalamu aliyejulikana kwa jina la Hero, wa mji wa Alexandria nchini Misri, alieleza chombo cha hekaluni kilichotoa maji kwa kipimo. Mtu alitumbukiza sarafu, ikaangukia kwenye kisahani kilichofungwa kwenye mtaimbo mdogo, mtaimbo ukafungua tundu la maji, na sarafu ilipoteleza tundu likajifunga. Lengo lilikuwa kuzuia mtu asichukue maji mengi kuliko alicholipia.

Mwaka 2013 maabara ya Senseable City ya chuo cha MIT nchini Marekani, chini ya Carlo Ratti, ilionyesha mtambo ulioitwa Makr Shakr. Mikono mitatu ya roboti ilichanganya vinywaji ambavyo wageni waliagiza kwa simu zao. Mwaka 2014 mtambo wa ukoo huo ulifungwa kwenye meli ya kitalii ya Quantum of the Seas. Huo ni mtambo wa matajiri, na hauna nafasi katika hesabu za muuza juisi wa Mirongo.

Karibu na mwaka huo huo, hata hivyo, vijana wengine walikwenda njia ya bei nafuu. Barry Givens, mhandisi aliyehitimu Georgia Tech, alianzisha na mwenzake mashine ya kabati iliyoitwa Monsieur, wazo ambalo lilimjia baada ya kusubiri kinywaji muda mrefu katika mgahawa uliojaa watu. Huko California, kikundi kingine kikatengeneza Bartendro, mashine iliyotumia pampu ndogo kadhaa zilizoongozwa na kompyuta ya Raspberry Pi, kompyuta ambayo ilipoingia sokoni mwaka 2012 iliuzwa kwa dola 35.

Kushuka kwa bei za vifaa vya umeme ndiko kulikofungua mlango. Bodi ya Arduino, inayotumika kuamrisha pampu iwake na kuzimika, ilibuniwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea nchini Italia, kwa makusudi ya kuwapatia wanafunzi kifaa rahisi na cha bei ndogo. Leo bodi za aina hiyo zinafahamika kwa wanafunzi wa uhandisi na umeme hapa nchini, ambao hutakiwa kutengeneza mradi wa vitendo kabla ya kuhitimu. Mwanza yenyewe ina kampasi ya Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam (DIT), Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) kilichopo Nyegezi, pamoja na VETA na SIDO. Mafundi wa kuchomelea nao wapo. Kinachotakiwa ni tatizo la kweli la kulitatua.

Inavyofanya kazi

Mashine ya kawaida ya aina hii haina maajabu. Kuna vyombo vya vinywaji, pampu moja kwa kila chombo, mipira inayopeleka kinywaji kwenye mdomo mmoja, betri, na bodi inayohesabu. Mhudumu anabonyeza kitufe, pampu zinawaka kwa sekunde zilizopangwa, kisha zinazimika.

Pampu inayopendwa zaidi kwa kinywaji kizito ni ile ya kukamua mpira. Magurudumu madogo hubana mpira laini na kuusukuma, kama mtu anavyokamua titi la ng'ombe kwa vidole. Faida yake ni kwamba kinywaji hakigusi chuma wala mafuta ya pampu. Kinagusa mpira peke yake, nao unaweza kuoshwa au kubadilishwa. Pampu za namna hiyo ndizo zinazosukuma damu katika mashine za kusafishia figo hospitalini. Udhaifu wake ni kwamba ndogo zake huenda polepole.

Chukua mfano wa mashine inayochanganya juisi nzito na maji kwa uwiano wa moja kwa nne. Glasi ya mililita 250 inahitaji mililita 50 za juisi nzito na 200 za maji. Pampu ya juisi ikitoa mililita 10 kwa sekunde, na ile ya maji mililita 50 kwa sekunde, zote zikiwaka pamoja glasi hujaa kwa sekunde tano. Ongeza sekunde tano za kuondoa glasi iliyojaa na kuweka nyingine. Mashine hiyo itatoa glasi 360 kwa saa.

Hapo ndipo wabunifu wengi wanapokosea. Wageni 400 watahudumiwa kwa saa moja na dakika saba. Lakini wahudumu wanne wenye majagi, kila mmoja akimimina glasi moja kwa sekunde kumi, watawamaliza wageni hao hao kwa dakika 17. Kwa harusi ambayo MC anataka meza zote zipate kinywaji kabla ya kugonganisha glasi, mashine ya mdomo mmoja ni mzigo. Mahali pake ni mlangoni, ambako wageni huingia mmoja mmoja, au kwenye meza ya pembeni baada ya chakula. Anayeuziwa mashine kwa sifa ya kasi ajue anauziwa sifa isiyokuwepo.

Hesabu ya glasi 800

Kama kasi si faida, faida iko wapi? Hesabu ifuatayo ni ya mfano, na kila mfanyabiashara anaweza kuweka bei zake mwenyewe.

Sherehe ina wageni 400, kila mmoja glasi mbili za mililita 250. Hizo ni glasi 800, sawa na lita 200. Kama lita moja ya juisi, kwa matunda, sukari, maji, barafu na mkaa au umeme, inamgharimu mwenye biashara Sh1,500, gharama yote ni Sh300,000. Mhudumu akizidisha mililita 30 tu katika kila glasi, lita 24 zimepotea. Hiyo ni Sh36,000 kwa usiku mmoja.

Mashine iliyotengenezwa na kijana wa hapa ikiuzwa, tuseme, Sh1,800,000, na ikazuia upotevu huo wote, italipa gharama yake baada ya sherehe 50. Lakini mashine hubebwa, huoshwa na hutaka mtu anayeijua. Ukiweka Sh16,000 kwa kazi hizo, kinachobaki ni Sh20,000, na sherehe zinazohitajika zinafika 90. Mwenye sherehe mbili kwa mwezi atasubiri miezi 45, karibu miaka minne, bila kuhesabu Kwaresima na mwezi wa Ramadhani ambapo harusi hupungua sana, wala riba ya mkopo.

Wapo watakaosema dawa ni kuungana. Watu watano wenye sherehe mbili kila mmoja wana sherehe kumi kwa mwezi, na mashine ingejilipa kwa miezi tisa. Katika karatasi ni kweli. Tatizo ni kwamba harusi nyingi huangukia Jumamosi, na mashine moja haiwezi kuwa katika kumbi tatu usiku mmoja. Kikundi kinachopata sherehe sita kwa mwezi, kwa kuchanganya Jumamosi na za siku nyingine kama send-off na kitchen party, kitahitaji miezi 15. Bila makubaliano ya maandishi kuhusu nani anatangulia, mashine itageuka chanzo cha ugomvi.

Zaidi ya hapo, kipo kifaa kingine kinachofanya sehemu ya kazi hiyo kwa bei ya shilingi elfu chache. Ni upawa au kikombe cha kipimo cha mililita 250, na glasi zenye alama ya kikomo. Kikombe hicho kikizuia nusu tu ya upotevu, mfanyabiashara anaokoa Sh18,000 kila sherehe. Mashine itakuwa imebakiwa na Sh18,000 nyingine za kuokoa, wakati matumizi yake ni Sh16,000. Kwa kipimo peke yake, mashine hailipi.

Wageni wasiofika

Hasara kubwa zaidi haimwagiki kwenye glasi, inabaki kwenye ndoo. Kamati hutangaza wageni 400, wakafika 300. Juisi ya wageni 100, lita 50, tayari imechanganywa na maji na sukari na imeanza kupoteza ladha. Asubuhi haiuziki kwa mtu mwenye dhamiri. Kwa bei ya mfano, hiyo ni Sh75,000. Jambo hilo likitokea katika sherehe moja kati ya tatu, wastani wake ni Sh25,000 kwa kila sherehe.

Mashine inayochanganya glasi moja moja wakati mgeni amesimama mbele yake inaondoa hasara hiyo. Badala ya lita 50 za juisi iliyochanganywa, kinachobaki ni lita 10 za juisi nzito katika chupa ambazo hazijafunguliwa, na maji. Chupa zinarudi nyumbani kusubiri Jumamosi nyingine. Mzigo pia unapungua: kwa sherehe ya lita 200 mwenye biashara anabeba lita 40 za juisi nzito, na maji safi anaweza kuyapata karibu na ukumbi.

Jambo la pili ni kuhesabu. Bodi inayowasha pampu inaweza pia kuandika idadi ya glasi zilizotoka. Mtoa huduma anaweza kuiambia kamati ilipe glasi zilizonywewa tu, juu ya kiwango cha chini walichokubaliana. Kwa kamati inayohangaika na michango, ahadi hiyo ina uzito, na inaweza kumpatia mtoa huduma kazi ambayo angeikosa. Nchini Kenya, mashine za kuuzia maziwa kwa kipimo, maarufu kama ATM za maziwa, zilienea mijini katika miaka ya 2010 kwa sababu inayofanana na hiyo: mnunuzi aliweza kupata maziwa ya fedha aliyonayo, na muuzaji alijua kilichotoka.

Anayeanza bila mtaji anaweza kuiga sehemu ya faida hiyo kwa mkono. Badala ya kuchanganya lita 200 mchana, achanganye lita 20 kwa wakati ndani ya ndoo safi yenye koki na mfuniko, na achanganye nyingine pale tu ndoo inapokaribia kwisha. Hasara ya mwisho haitazidi ndoo moja.

Mkulima ananufaikaje

Mashine ya kuchanganya inataka juisi nzito, na juisi nzito inaweza kutengenezwa msimu wa matunda. Hapa ndipo mkulima anapoingia. Embe hukomaa kwa wingi kwa wakati mmoja, bei huanguka, na sehemu ya mavuno huozea chini ya miti. Miezi michache baadaye muuza juisi wa mjini analalamika kuwa embe hakuna. Rojo la embe lililohifadhiwa vizuri linawaunganisha watu hawa wawili.

Usafiri nao umerahisika kwa upande mmoja wa ziwa. Kabla ya Juni 19, 2025, matunda kutoka Sengerema na Geita yalisubiri kivuko kati ya Kigongo na Busisi. Tangu siku hiyo lipo Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita tatu, na gari la mananasi halina tena sababu ya kulala kwenye foleni likiwa na mzigo unaoiva.

Kuhifadhi juisi nzito si kuitia kwenye ndoo na kuifunika. Matunda yaliyoiva huoshwa, humenywa, husagwa na kuchujwa. Rojo huchemshwa hadi kufikia nyuzijoto 85 hadi 90, kisha hutiwa likiwa la moto katika chupa za kioo zilizochemshwa, na kufungwa hapo hapo. Njia hii ni salama kwa matunda yenye ukali wa kutosha, yaani yenye kipimo cha asidi, pH, kilicho chini ya 4.6. Nanasi, pasheni na ukwaju vina ukali huo. Embe lililoiva sana linaweza kukaribia mpaka, kwa hiyo huongezewa maji ya limau na kupimwa. Anayetaka kuuza kwa chupa anapaswa kupitia SIDO kwa mafunzo na barua ya utambulisho, kisha Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula, kazi ambayo kabla ya hapo ilikuwa ya TFDA.

Maji na uchafu wa mipira

Hatari kubwa ya mashine hizi haionekani kwa macho. Ndani ya mpira wenye mabaki ya sukari, vijidudu hujenga utando unaoteleza ambao maji ya kusuuza tu hayauondoi. Mashine iliyokaa wiki nzima bila kuoshwa inaweza kuwagawia wageni 400 ugonjwa kwa usawa na kwa kipimo. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea mikoa mingi, Mwanza ikiwemo, uliwakumbusha wauza juisi kuwa tumbo moja likiugua ukumbini, jina la biashara huzikwa siku hiyo.

Mwanza inapata maji ya bomba kutoka Ziwa Victoria kupitia MWAUWASA, lakini maji yanayokaa kwenye madumu na ndoo huchafuka kirahisi. Maji ya kuchanganyia yawe yamechemshwa na kupoozwa, au yametibiwa kwa njia inayoaminika. Mtanzania Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015 kwa chujio la maji linaloweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya eneo husika. Mfano wake unaonyesha kwamba ubunifu wa nyumbani unaweza kuanzia kwenye tatizo la kila siku. Barafu nayo ni maji. Ikitengenezwa kwa maji machafu, kuchemsha mengine hakusaidii.

Kwa mwanafunzi anayetaka kubuni mashine kwa ajili ya soko hili, orodha ya mahitaji iko wazi. Mipira yote itoke kwa mkono bila bisibisi. Kila mwisho wa kazi maji ya moto, kisha dawa ya klorini kwa kiwango kinachofaa chakula, kisha maji safi yapite ndani yake. Nyuzi za embe na mbegu za pasheni zichujwe kabla ya kufika kwenye pampu, maana zinaziba. Kwa kuwa juisi baridi ni nzito kuliko ya vuguvugu, kuhesabu sekunde peke yake kutadanganya. Mzani mdogo chini ya glasi ni wa kuaminika zaidi. Na mashine itumie betri ya volti 12, kwani umeme wa ukumbi ukikatika sherehe haisimami.

Kijana mwenye mradi kama huo anayo Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (MAKISATU), yaliyoanza mwaka 2019, yanayopokea kazi za vyuo na za wabunifu wasio rasmi. Lakini mwamuzi wa mwisho ni yule mama anayeosha ndoo saa nane usiku. Kama kuosha mashine kutamchukua muda mrefu kuliko kuosha majagi, ataiacha stoo.

Vijana wanaobeba majagi nao wasisahaulike. Kwa wengi wao ujira wa Jumamosi ndio nauli na chakula cha wiki. Mashine ya mlangoni bado inahitaji mtu wa kuosha glasi, kuikabidhi kwa mgeni na kuilinda. Mwenye biashara anayemfundisha mhudumu wake kuiendesha na kuisafisha atapata fundi, na kijana atapata kazi yenye thamani kubwa zaidi.

La kufanya kwanza

Kabla ya kukopa VICOBA au benki kwa ajili ya mashine, mfanyabiashara anashauriwa afanye mambo matatu. Kwanza, kwa sherehe tano mfululizo aandike lita alizopeleka, wageni waliofika na lita zilizorudi. Pili, atumie kikombe cha kipimo na kuchanganya ndoo moja moja, kisha aandike tena. Tatu, kama hasara iliyobaki bado ni kubwa, akodi mashine kwa sherehe moja au ampe mwanafunzi nafasi ya kuijaribu ukumbini kabla ya kuinunua.

Daftari hilo ndilo litakalomwambia kama anahitaji pampu na bodi, au upawa na ndoo yenye koki. Mali bila daftari hupotea bila habari, na juisi hupotea upesi kuliko mali nyingine zote.